Mwamba Ngoma: Historia Iliyo Nyuma ya Picha

Kiswahili kina kitenzi ambacho mafundi wa picha wa lugha nyingine wangeweza kutuonea wivu: kuwamba. Ngoma huwambwa ngozi. Kitanda huwambwa kamba. Na siku hizi, katika karakana za wachoraji, fremu huwambwa kitambaa. Kuwamba ni kuchukua kitu kilegevu, kukivuta juu ya kitu kigumu, na kukikaza pembezoni mpaka kiwe na mkazo wa kwake. Ngozi ambayo haijawambwa ni ngozi tu. Ikishawambwa hupata sauti.

Kitenzi hicho ndicho kilichotuzalia methali maarufu: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tunaitumia kumsema mgawaji wa urithi anayejipendelea, mwenyekiti anayekiegemeza kikao upande wa marafiki zake, na pengine hata mwanahistoria. Lakini maneno hayo, mbali na kuwa fumbo, ni maelezo sahihi ya kazi. Anayevuta husimama mahali fulani, na mikono yake huvuta kuelekea pale aliposimama. Asipozunguka upande wa pili, ngozi itakwenda mshazari na ngoma italia vibaya.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikitazama picha kwa nyuma. Wenye picha hushangaa. Hunionyesha twiga, mnazi, soko lenye watu, nami huomba ruhusa ya kuigeuza. Nyuma ndiko kwenye mashimo ya misumari ya zamani, kutu, pini zilizopigwa kwa haraka, alama za penseli, mbao zilizotoka kwenye kasha la bidhaa. Mbele mchoraji anatueleza alichotaka tuone. Nyuma kunatueleza alikuwa na nini mkononi, alikuwa na fedha kiasi gani, na ni nani mwingine aliyeshika picha hiyo baada yake. Swali langu ni lilelile la methali: nani alivuta, kwa chombo gani, na kuelekea wapi?

Tuanze mbali, kwa sababu kitambaa kilichowambwa kwenye fremu hakikuanzia kwetu. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walichora ukutani au juu ya mbao nzito. Kitambaa kilijulikana, lakini mara nyingi kilikuwa cha bendera na mapambo ya sherehe. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika kitabu cha ufundi mnamo mwaka 1400 hivi, tayari anaeleza namna ya kukiwamba: kipigiliwe misumari kwanza ili nyuzi zinyooke, kisha fundi azunguke taratibu mpaka mkazo uwe sawa pande zote. Miaka zaidi ya 600 imepita na hakuna aliyepata njia bora kuliko hiyo ya kuzunguka.

Mji uliokipa kitambaa heshima ni Venezia. Sababu zake zingeeleweka na mtu yeyote wa Lamu au Unguja. Hewa ya chumvi na unyevu iliharibu michoro ya ukutani, na mbao zilijikunja. Tena Venezia ulikuwa mji wa majahazi, na palipo na majahazi pana matanga, na palipo na matanga pana wafumaji wa kitambaa kipana na imara. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji katikati ya karne ya 16, alitaja faida nyingine: kitambaa ni chepesi, na huweza kukunjwa kikasafirishwa. Kumbuka faida hiyo, msomaji. Tutakutana nayo tena Dar es Salaam.

Vyombo vya kazi vilikwenda vikibadilika polepole. Huko Uholanzi katika karne ya 17 wachoraji wengi walikifunga kitambaa ndani ya fremu kubwa zaidi kwa kamba, mithili ya kitanda chetu cha kamba, wakachora, kisha wakakihamishia kwenye fremu ya kudumu. Kamba zile ziliacha alama. Pale ilipovutwa kamba, uzi wa kitambaa ulipinda ukafanya umbo la wimbi, na gundi na rangi ya msingi zilipokauka, wimbi lile likabaki milele. Leo wataalamu wakiipiga picha ya zamani eksirei huyaona mawimbi hayo pembezoni. Upande usio na mawimbi huamsha shaka: huenda mtu aliukata.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ile picha ya Rembrandt ya askari wa mgambo wa Amsterdam, aliyoimaliza mwaka 1642, ambayo dunia inaiita Zamu ya Usiku. Mwaka 1715 ilihamishiwa kwenye ukumbi wa baraza la mji. Haikuenea ukutani. Wakaikata pande zote nne, upande wa kushoto ukipoteza takriban sentimita 60 pamoja na watu waliokuwa wamesimama pale. Tunajua walivyokuwa kwa sababu mchoraji mwingine, Gerrit Lundens, alikuwa ameinakili picha hiyo kabla ya kukatwa. Hakuna aliyemchukia Rembrandt. Kulikuwa na ukuta, kulikuwa na mlango, na kulikuwa na fundi mwenye kisu aliyeambiwa apatanishe vipimo. Mwisho wa yote, umbo la picha liliamuliwa na aliyeiwamba baadaye.

Katikati ya karne ya 18 kilitokea chombo kidogo ambacho nakipenda kuliko vingine vyote: kabari. Kabla ya hapo fremu ilikuwa imegongwa na kugandishwa, haisogei. Mafundi wakabuni fremu ambayo kona zake zimeingiliana bila gundi, na ndani ya kila kona kuna nafasi ya vipande viwili vya mti vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Kitambaa kikilegea kwa sababu ya hewa, unagonga kabari kwa nyundo ndogo, kona inafunguka milimita moja au mbili, na mkazo unarudi. Ni kukubali kwamba kazi ya kuwamba haimaliziki siku ya kwanza. Anayejua ngoma analijua hilo, ndiyo maana huipasha moto kabla ya kuipiga.

Baadaye, katika karne ya 20, pini za stepla zilichukua nafasi ya misumari midogo ya kichwa bapa. Zilikuja kwa sababu ni za haraka: mkono mmoja unavuta, mwingine unabonyeza. Ukiona pini nyuma ya picha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1850, basi ama imewambwa upya, ama kuna mtu anayekudanganya.

Sasa tuje kwetu, na tuanze na neno. Ukiingia kwenye kamusi ya Kiswahili na kutafuta Marekani, utakuta maana mbili: nchi, na aina ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Wakati nchi nyingi ziliijua Marekani kwa vita au kwa sinema, pwani yetu iliijua kwanza kwa kitambaa. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza. Meli za Salem zilileta mabale ya marekani na kuondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Kitambaa kile kilikuwa kigumu, cha bei nafuu, kinachostahimili kufuliwa, na kilienda bara na misafara kama fedha. Kilinunua chakula njiani, kililipa hongo kwa machifu, na kilinunua watu. Pamba yenyewe, kabla ya kufika kwenye viwanda vya Massachusetts, ilichumwa kwa kiasi kikubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata njia hiyo, na wafanyabiashara wa nguo za Uingereza na India wakaingia kwenye pengo. Neno lakini lilibaki.

Ninasimama kidogo kwenye sandarusi, maana ndipo hadithi ya picha inapogusana na pwani kwa namna isiyotarajiwa. Sandarusi ni utomvu wa mti uliogeuka kuwa mgumu baada ya kufukiwa ardhini miaka mingi. Wachimbaji wa mrima waliutoa mchangani, ukapelekwa Unguja, ukapakiwa melini, ukasafishwa Salem, na kuyeyushwa kuwa vanishi. Sandarusi ya Zanzibar ilisifika kwa ugumu wake. Ilipakwa kwenye magari ya farasi na samani, na vanishi za jamii hiyo zilitumiwa pia na wachoraji juu ya picha za mafuta. Kwa hiyo katika karne ya 19 pwani hii ilipokea kitambaa na kutoa kile kinachong'arisha picha. Kitambaa tulikivaa. Hatukukiwamba kwenye fremu ili tuchore, kwa kuwa tulikuwa na mahali pengine pa kuweka uzuri: milango, kanga, ukuta wa chokaa, jahazi.

Ndiyo maana sura ya kwanza ya uchoraji wa mtaani Dar es Salaam haikuhitaji kitambaa hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam na kuhangaika na vibarua. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Alitumia rangi ya kung'aa ya makopo, ile inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya mbao za kubandika dari. Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Alichora kwa muda wa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka, akafa.

Ubao wa aina hiyo, ambao wengi waliuita kwa jina la kiwanda, Masonite, ulivumbuliwa Marekani katika miaka ya 1920. Vipande vya mti hupasuliwa kwa mvuke hadi vibaki nyuzi, kisha hushindiliwa kwa joto. Upande mmoja huwa laini kama meza, wa pili una alama za wavu. Mchoraji wa ubao hahitaji koleo, misumari wala kabari. Anahitaji msumeno na msasa. Na hapa kuna jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Picha nyingi za Tingatinga ni za mraba, zina ukubwa wa sentimita 60 hivi kila upande. Watu wameandika mengi kuhusu utulivu wa mraba ule, jinsi mnyama mmoja anavyoujaza. Mimi nikachukua penseli. Ubao mzima unaouzwa dukani una futi 4 kwa 8. Ukiukata kwa futi 2 kwa 2, unapata vipande 8 na haubaki hata ukanda wa kutupa. Futi 2 ni sentimita 61. Siwezi kusema kwamba hesabu ya seremala ndiyo iliyomzaa yule chui au yule kongoni. Lakini mtu anayenunua ubao kwa fedha ya kibarua hakati vipande vitakavyomwachia taka.

Wanafunzi na ndugu zake waliendelea baada ya kifo chake. Walijiunga kwenye kikundi mwaka 1977, na mwaka 1990 kikawa chama cha ushirika. Kadiri watalii walivyoongezeka ndivyo ubao ulivyozidi kuwa mzigo. Mtu anayepanda ndege na begi la kilo 23 hanunui ubao wa futi 2 ambao utavunjika kona njiani. Anataka kitu cha kukunja. Faida aliyoitaja Vasari ikapiga hodi Oysterbay, na kitambaa cha pamba, binamu wa marekani ya zamani, kikarudi, safari hii si kwa ajili ya kuvaliwa.

Pamoja na kitambaa ikaja kazi mpya, kuwamba, na vyombo vyake. Kwa siku tatu nilikaa katika karakana moja ya jijini nikimtazama mzee ambaye kazi yake ni hiyo tu. Hachori. Anawawambia vijana wanaochora. Nitaeleza anavyofanya kwa kirefu kidogo, kwa sababu kazi ya namna hii huwa haiandikwi.

Fremu yake ni ya mbao za paina, kwa kuwa ni nyepesi na pini inaingia bila ugomvi. Mbao ngumu kama mninga ni za kujivunia sebuleni, lakini stepla ya mkono huishia kuipinda pini juu yake. Ukingo wa ndani wa kila mti ameupiga randa ukawa na mteremko, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Fremu bapa huacha alama ya mstari mbele ya picha baada ya miezi michache, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Akimaliza kuunga kona anapima kwa utepe kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu iko mraba. Vikitofautiana, anaipiga kifuti taratibu mpaka vikubaliane.

Kisha analaza kitambaa chini, juu yake fremu. Anaacha sentimita 5 kila upande. Nikamuuliza kama ataanzia kwenye kona.

"Kona ni ya mwisho, binti yangu," akasema. "Ukianza na kona umeshafunga mlango kabla watu hawajaingia."

Akapiga pini moja katikati ya upande wa juu. Akageuza fremu, akavuta kutoka upande wa chini, akapiga moja katikati, mkabala kabisa na ile ya kwanza. Akafanya hivyo kulia, kisha kushoto. Pini nne, na kitambaa kikawa na msalaba wa mkazo katikati. Kutoka hapo akaenda kwa zamu: moja huku, moja kule, akisogea kutoka katikati kwenda pembeni, kila mara akizunguka. Hakupiga pini mbili upande mmoja mfululizo. Kona alizikunja mwisho kabisa, kama unavyokunja shuka la hospitali, bila kukata.

Kwa kuvuta alikuwa na vyombo viwili. Kwa picha ndogo, vidole. Kwa kubwa, koleo maalumu lenye mdomo mpana wa kiasi cha vidole vitano, meno butu, na nundu chini ya taya. Nundu ile unaiegemeza kwenye mti wa fremu, unashusha mkono, na kitambaa kinakuja bila kutumia nguvu ya bega. Alilipewa na mnunuzi mmoja wa kigeni miaka mingi iliyopita. Kabla ya hapo alitumia koleo la kawaida la fundi umeme, ambalo mdomo wake mwembamba ulikibana kitambaa sehemu moja na kukitoboa. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakivisha kila taya. Bado analo, nililiona limetundikwa. Aliniambia koleo zuri lina hatari yake pia: linampa mtu nguvu kuliko fremu yake. Mti mwembamba ukivutwa kwa koleo hupinda kiuno, na picha ikawa na umbo la pipa lililonyonywa.

Kuhusu misumari na pini, alinipa somo la pwani. Chuma cha kawaida hapa hakina maisha. Baada ya masika kadhaa pini inaota kutu, kutu inakula uzi, na kitambaa kinaachia sehemu moja moja. Nimeyaona mashimo hayo nyuma ya picha za miaka ya 1980, kila moja na duara lake la rangi ya kahawa. Pini zisizoshika kutu zipo lakini bei yake ni nyingine. Kwa hiyo anachofanya ni kupitisha ukanda mwembamba wa kitambaa kati ya pini na picha, ili kutu ianze kula ukanda.

Nikamuuliza kuhusu kabari. Alizijua. Hazitengenezi. "Nani atakayezigonga? Picha itakaa kwangu wiki mbili."

Jibu hilo nimelifikiria kuliko lolote nililosikia katika utafiti huu. Maana fremu ile yote, na pini zote, ni za muda. Picha ikishachorwa na kukauka, mnunuzi akipatikana, mzee anazing'oa pini kwa bisibisi bapa na koleo, anakunja picha ndani ya bomba la karatasi ngumu, na fremu inapokea kitambaa kingine. Anaikunja rangi ikitazama nje, ingawa macho yanasema ingelindwa zaidi ikiwa ndani. Rangi iliyo nje hunyooshwa kidogo tu na hurudi ikikunjuliwa. Iliyo ndani hujibana, ikajikunja makunyanzi na kupasuka. Kisha bomba linaondoka kwenda uwanja wa ndege. Atakayeiwamba kwa mara ya mwisho yuko Copenhagen au Osaka au Toronto, na hamjui mchoraji.

Hapo ndipo penye gharama. Vijana wengi, kwa kuwa kitambaa ni fedha, huchora hadi ukingoni kabisa na hukata ziada kabla ya kuuza. Chukua picha ya sentimita 60 kwa 80 iliyouzwa bila pambizo. Fundi wa huko ugenini anahitaji kitu cha kushika: sentimita 2 za unene wa fremu, na 2 nyingine za kukunjia nyuma. Jumla 4 kila upande. Picha inayobaki mbele ni 52 kwa 72. Fanya hesabu: asilimia 22 ya kazi imehamia ubavuni na nyuma, mahali ambapo hakuna atakayeiona. Na nini huwa kwenye sentimita 4 za mwisho, chini kulia? Jina.

Nimeona picha mbili za namna hiyo zilizorudi nchini pamoja na wenyewe waliohama. Kwa mbele hazina mwenyewe. Ukizigeuza, herufi za kwanza za jina zimelala juu ya mti na za mwisho ziko chini ya pini. Mtu aliyeziwamba hakuwa mwizi. Alikuwa na koleo zuri, fremu yenye kabari, na kipimo cha fremu ya dukani. Alivuta kwake, kama methali ilivyosema, na hapakuwa na mtu upande wa pili wa kuvuta.

Hii si lalamiko dogo la ukingo. Uchoraji wa mtindo wa Tingatinga umeteseka kwa muda mrefu kwa kuitwa kazi ya kikundi isiyo na watu ndani yake, twiga baada ya twiga. Wanahistoria wanaotaka kumtofautisha mchoraji mmoja na mwingine wanategemea saini, tarehe, na maandishi ya nyuma. Kila picha inayopoteza ukingo wake inamsogeza mtu mmoja kutoka kwenye historia kwenda kwenye mapambo. Rembrandt alipokatwa mwaka 1715, Lundens alikuwa ameshanakili. Kijana wa Oysterbay hana Lundens wake, isipokuwa picha ya simu, kama alikumbuka kuipiga.

Kuna mfano mmoja, nao pia umo ndani ya lugha yetu, unaoonyesha kinachowezekana picha zikihifadhiwa pamoja na maneno ya aliyezichora. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao sasa ni Lubumbashi. Kama wachoraji wengi wa Katanga wakati ule, alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kilichopakwa rangi ya msingi. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake, tangu zamani za wafalme hadi Lumumba na Mobutu, na kuzieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha kwao mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyerekodi mazungumzo yao na kuyachapisha mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Picha zake nyingi za mfululizo ule ziko Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum.

Mji uleule wa Rembrandt. Huko huko, Januari 2022, wataalamu wa Rijksmuseum waliitoa Zamu ya Usiku kwenye fremu yake ya mbao ya mwaka 1975, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimefanya mikunjo upande wa juu kushoto, wakaihamishia kwenye fremu mpya isiyo ya mbao. Kundi zima la watu, mashine za kupima, mkazo unaofuatiliwa. Sina kinyongo na uangalifu huo. Nautamani tu kwa gunia la unga, na kwa pamba ya Oysterbay.

Uangalifu wenyewe hauanzi na mashine. Unaanza na sentimita 5. Mzee yule sasa anawakataza vijana kuchora hadi ukingoni: anapiga mstari wa penseli kuzunguka kitambaa kabla hajawakabidhi, na nje ya mstari huo rangi haipiti. Ni pambizo la atakayewamba, yeyote awaye, popote alipo. Saini huwekwa vidole vitatu ndani ya mstari. Nyuma, kwa wino usiofutika, mchoraji huandika jina lake lote, mwaka, mahali, na kichwa cha picha kwa Kiswahili. Wengine walilalamika kwamba kitambaa kinapotea bure. Aliwajibu kwamba ngoma haiwambwi kwa ngozi iliyotosha mdomo tu. Lazima kuwe na ya kushikia.

Siku ya tatu aliniruhusu kuwamba moja, ndogo, ya sentimita 30 kwa 40. Akakaa upande wa pili wa meza akaishika fremu. Nilipovuta kwangu, alivuta kwake. Tulikwenda hivyo, pini moja huku, moja kule, mpaka kona. Kisha akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akampa kijana aliyekuwa anasubiri na kopo lake la rangi ya msingi.